Muda wa Kungoja

Makambako,
Jumapili, 18 Februari 2024

Mpendwa Mjomba Obed,

Shikamoo. Na kamwene ya kwetu pia, maana najua nikikuandikia shikamoo peke yake unasema mji umenibadilisha. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Miguu yake imepungua kuvimba tangu abadilishiwe dawa, na Jumapili iliyopita alitembea mwenyewe hadi ibadani na kurudi. Mvua ni nyingi, barabara ya mtaa wetu ni tope tupu. Karakana haikosi kazi: tumepewa tanuri la kukaushia mbao la bwana mmoja wa Njombe, nami ndiye ninayetengeneza kidhibiti chake. Nisalimie mkeo, mama Brayson, na wote hapo nyumbani.

Nakuandikia barua kwa kuwa simu huisikii vizuri, na mama Brayson akinisomea simuni majibu yako naona anayafupisha. Nitampa kondakta wa basi la Njombe, naye atampa Romanus, yule dereva wa lori la majani ya chai.

Mjomba, najua nimechelewa. Wiki tatu zimepita tangu bomba la maji la mtambo wa umeme wa kijiji lipasuke na kumjeruhi Enoki, na mimi niliyetengeneza kidhibiti cha mtambo huo sijafika hata kutoa pole. Wiki ya kwanza nilitaka kuja, kukawa na tanuri. Wiki ya pili mama alikuwa na siku yake ya kliniki. Nasikia Enoki bado amelazwa. Naomba umfikishie pole zangu, yeye na mkewe Anyisile. Mwambie kwamba hata huku nikisikia sauti ya besi kwenye kwaya namkumbuka.

Kamati ya umeme imeniandikia, inataka taarifa ya kitaalamu kabla ya Pasaka. Kwa hiyo nina swali moja na nakuomba unijibu jinsi lilivyo. Wewe ndiye uliyekuwa mwendeshaji wa zamu. Je, uliligusa kwa mkono gurudumu la kufungia lango la maji? Kidhibiti kikiwa kinafanya kazi gurudumu lile haliguswi, ndiyo maana tuliliwekea lakiri ya waya. Mwenyekiti anasema lakiri imekutwa imekatwa.

Ni mimi mpwa wako,
Ida


Lupembe,
10 Machi 2024

Mwanangu Ida,

Marahaba, na kamwene. Barua yako nimeipata Alhamisi, Romanus aliisahau kwenye koti lake. Sisi wazima. Mahindi yamependeza na chai inachumwa mara mbili kwa juma. Mama Brayson analalamika mgongo lakini shambani haachi kwenda. Mwambie dada yangu Rebeka asitembee peke yake kwenye hilo tope. Ni mkaidi tangu tukiwa wadogo.

Kuhusu ulichouliza. Ndiyo, lakiri niliikata mimi, kwa koleo, na gurudumu nililishika. Nimeiambia kamati hivyo hivyo. Wamenisimamisha kazi tangu tarehe tano, na funguo nimemkabidhi mwenyekiti Efraimu. Nilikuwa nazo mfukoni miaka kumi na tisa. Hakuna shida.

Enoki amekatwa mguu wa kushoto, chini ya goti. Kilichompiga ni chuma cha kiungo cha bomba kiliporuka. Amerudi nyumbani Jumatatu. Nilikwenda kumwona. Hatukuongea sana.

Andika taarifa yako. Usiogope kuandika jina langu.

Mjomba wako,
Obed


Makambako,
Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Jana kwaya ya kina mama iliimba hadi watu wakasahau mvua inayopiga bati, na mama alivaa kile kitenge ulichompa mwaka juzi. Leo tumekula kuku na viazi vya Makete. Mama alitenga paja moja akisema ni lako, kisha tukalila sisi. Pamoja na barua hii kondakta ana sweta ya mama Brayson. Ni ya bluu. Mgongo unataka joto.

Taarifa niliipeleka kwa kamati tarehe ishirini na sita. Ni kurasa mbili. Jina lako sikuliandika, niliandika "mwendeshaji". Nilisema mwendeshaji aliingilia mtambo ukiwa unajiendesha wenyewe, na kwamba kuingiliwa huko kunaweza kuwa kulichangia msukosuko wa maji ndani ya bomba. Nilitumia neno "kunaweza". Nataka ulijue hilo.

Nataka pia ujue mtambo unavyofanya kazi sasa, maana siku ya kuukabidhi nilieleza harakaharaka. Zamani kazi yote ilikuwa mikononi mwako. Watu wakiwasha vitu vingi ulifungua lango, wakizima ulilifunga, ili mtambo uzunguke kwa mwendo uleule. Kidhibiti changu kinafanya hivyo kwa tabia mbili, yaani njia mbili za kufanya kazi. Katika tabia ya kwanza maji hakiyagusi kabisa. Umeme unaozidi kinaupeleka kwenye hita zilizo ndani ya lile tangi la nje. Hita zikishindwa kubeba, kinahamia tabia ya pili, kinaendesha mota inayosogeza lango. Kinachagua chenyewe kihamie wapi na lini. Kila tabia niliipima peke yake siku nne, na kila moja ilitulia. Hesabu zake ninazo hapa mezani na zinatulia.

Efraimu amenipa kadi ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya kidhibiti. Bado naisoma.

Kwenye barua yako hukusema kama gurudumu ulilishika kabla ya kusikia chochote au baada. Kamati nayo haikuuliza. Sikuona sababu ya kuliingiza kwenye taarifa.

Ida


Lupembe,
Siku ya Kupaa Bwana, 9 Mei 2024

Mwanangu Ida,

Kamwene. Sweta imefika. Mama Brayson ameivaa siku tatu mfululizo na anasema haivui mpaka Septemba, maana baridi imeanza mapema na ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi. Mahindi tumeanza kuvuna. Ya kusaga anayabeba kichwani mpaka kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili kwenda, kwa kuwa mashine yetu haina umeme. Wanawake wote wanakwenda huko. Mganga wa zahanati amehamisha chanjo, friji imezimika. Nakupa tu habari za huku.

Kabla au baada. Hukuuliza, lakini nimeona umeuliza.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na saba Januari, saa nane mchana, siku ya watu kusaga. Foleni ilikuwa ndefu na mashine ilikuwa inawashwa na kuzimwa, inawashwa na kuzimwa. Masikio yangu ni mabovu, lakini mtambo ule siusikii kwa masikio, nausikia kwa nyayo. Sakafu ikaanza kupanda na kushuka. Mota ya lango ikafunga, ikafungua, ikafunga tena, haitulii, kama mtu aliyesimama mlangoni asiyejua aingie au atoke. Bomba likaanza kugonga. Lilipogonga mara ya nne au ya tano ndipo nilipochukua koleo nikakata lakiri. Gurudumu sikuwahi kulizungusha hata nusu. Nikasikia mshindo huko chini, na maji.

Habari hii nilikuambia Krismasi ulipokuja. Nilisema mtambo unahema. Ukanijibu, "Mjomba, mashine haihemi," ukacheka, nami nikacheka. Sikulaumu. Uliyesoma ni wewe.

Usibadilishe kitu kwenye taarifa. Kanisani nimeomba kupumzika uzee wa kanisa, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Anyisile akinikuta njiani anatazama chini. Ni haki yake. Yako mambo ya siku ile ambayo hujaniuliza, na usiniulize.

Msalimie Rebeka.

Obed


Makambako,
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua ni zaidi ya miezi mitatu. Kila Jumapili mama ameniuliza kama nimekuandikia, na kila Jumapili nimemjibu kwamba nitaandika jioni. Yeye ni mzima. Tanuri la mbao limekamilika na mwenyewe ameridhika. Binti wa jirani yetu ameolewa Mafinga. Sina habari nyingine ya kunichelewesha.

Kadi ya kumbukumbu nilikuwa nimeimaliza kuisoma kabla sijaandika taarifa. Nilipokuambia bado naisoma, nilikudanganya.

Kila kitu kimo humo. Saa nane na dakika kumi na moja mchana kidhibiti kilihama kutoka tabia ya kwanza kwenda ya pili. Baada ya sekunde moja kikarudi. Baada ya sekunde moja kikahama tena. Katika dakika hiyo moja kilihama mara thelathini na tisa, na kila kilipohama lango lilisukumwa upande mwingine. Gurudumu nalo limeandikwa humo. Uliligusa sekunde mbili kabla ya bomba kupasuka. Wakati huo hakuna mkono ambao ungeweza kuliharibu wala kuliokoa.

Hesabu za tabia ya kwanza sikukosea, wala za tabia ya pili. Kosa liko katikati. Mtambo unaotulia ukiwa hivi, na unaotulia ukiwa vile, unaweza kuharibika kwa kuhamahama tu, kama unahama kabla haujatulia pale ulipo. Maji ndani ya bomba yakisukumwa yanarudi. Yakisukumwa tena wakati yanarudi, yanaongeza nguvu, na tena, na tena. Siwezi kusema sikujua. Nilifundishwa, nililifanyia mtihani, mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni una sura nzima juu yake. Ndiyo sababu ndani ya kidhibiti niliweka namba inayoitwa muda wa kungoja: kikishahama, kisihame tena mpaka muda huo upite, hata kama kinaona sababu ya kuhama.

Namba hiyo niliipunguza mimi. Unaikumbuka siku ya uzinduzi, ile Septemba. Wageni kutoka wilayani wameketi, na kila mashine ya kusaga ilipowashwa taa za ukumbini zilififia, zikakaa hivyo, ndipo zikarudi. Efraimu akanisogelea akaniambia watu wanacheka. Nikafungua kompyuta nikaushusha muda hadi sekunde moja. Taa zikakaa vizuri. Watu wakapiga makofi, nawe ukanishika mkono mbele yao ukasema huyu ni mtoto wa dada yangu. Nilikusudia kuurudisha kesho yake. Kesho yake niliondoka na gari la asubuhi.

Krismasi uliposema mtambo unahema, nilikumbuka. Ndiyo maana nilicheka. Kompyuta ilikuwa kwenye begi langu, kwenye chumba cha wageni nyumbani kwako. Kushuka mtamboni ni dakika kumi. Mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Nikajiambia, mbona umefanya kazi miezi mitatu bila tatizo.

Na ulipoandika usiogope kuandika jina langu, nilishusha pumzi. Nataka ulijue na hilo.

Nimeambatanisha barua kwa kamati. Nimeieleza siku ya uzinduzi kama nilivyokueleza wewe, na nimesema taarifa yangu ya Machi ifutwe, na kwamba wewe hukusababisha lolote. Ukiona inafaa, mpelekee Efraimu. Ukiona haifai, nitaileta mwenyewe.

Sijui barua kama hii inamalizwaje.

Ida


Lupembe,
12 Septemba 2024

Ida,

Wote wazima. Chai ni kidogo, baridi imeibana.

Barua yako nilikaa nayo siku sita. Nilikasirika, nisiseme uongo. Namba niliweza kuielewa, mtu huzidiwa mbele ya watu. Viatu ndivyo vilivyonishinda. Nilikuwa natembea shambani nasema peke yangu, viatu. Halafu nikaona nikiendelea kukukasirikia nitapata mahali pazuri pa kujificha, maana nami nina langu.

Umeandika kwamba sikusababisha lolote. Sasa sikiliza. Asubuhi ile kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja. Kukaza bolti zake ni kazi ya mwendeshaji wa zamu, yaani mimi. Enoki hakuwa zamu. Alikuja kusaga mahindi yake kama watu wengine, akaingia kunisalimu. Sakafu ilipoanza kupanda na kushuka nilimwambia, "Enoki, shuka ukaniangalizie kiungo, goti langu linauma." Goti halikuwa linauma. Niliogopa. Nyayo zangu zilishaniambia kwamba kule chini si mahali pa mtu kusimama, nami nikamtuma mwingine. Alichukua spana akashuka ngazi anaimba.

Kwa hiyo kamati waliponiuliza habari za lakiri, nilifurahi. Lilikuwa kosa dogo. Nikapokea adhabu yake ili nisiulizwe lile jingine.

Jumamosi nilikwenda kikaoni na barua yako. Efraimu aliisoma mbele ya watu wote. Alipofika pale pa taa na wageni aliishusha karatasi, akasema, "Aliyemwendea ni mimi." Akaendelea kusoma. Alipomaliza nikaomba kusimama, nikasema la kwangu. Hakuna aliyepiga kelele. Wengine walitazama madirisha. Enoki alikuwa mbele na magongo yake. Akasema, "La goti nililijua. Ulishuka mbio kuja kuniinua. Goti bovu halishuki zile ngazi vile."

Miezi saba amekuwa anajua, Ida. Na mimi kila Jumanne nilikuwa nakwenda kumtazama, na kila nikiingia mlangoni kwake nachechemea.

Wameniambia nikitaka nirudi kazini. Nimesema bado.

Juu yako Enoki hakusema neno, ila ana swali. Umeandika kwamba muda uliushusha hadi sekunde moja. Hukuandika ulikuwa ngapi. Anauliza ulikuwa ngapi.

Obed


Makambako,
22 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimemsomea mama barua zako zote na zangu zote. Tangu Ijumaa hasemi nami isipokuwa kuniita nije kula.

Ulikuwa sekunde nane. Sikuupata kwa kubahatisha. Nilipima bomba lenu lote, urefu na unene, na hesabu zikaonyesha kwamba maji yakisukumwa yanahitaji karibu sekunde sita kutulia. Nikaongeza mbili kwa usalama. Kwenye barua ya kamati niliiacha namba hiyo makusudi. Nilijua mtu akiiona atafanya ninachofanya mimi kila siku, atakaa aihesabu.

Karakana imekubali nichonge kiungo kipya hapa. Sina ombi jingine. Naomba niruhusiwe kuja kuurekebisha mtambo, au niambiwe nisije.

Ida


Lupembe,
14 Oktoba 2024

Mwanangu Ida,

Kamwene. Huku tunaandaa mashamba. Mama Brayson amepanda viazi kwenye kile kishamba cha bondeni na amekwisha kugombana na nguruwe wa jirani. Rebeka atasema nawe, mwache. Mimi alininunia mwaka mzima kwa sababu ya mbuzi.

Barua yako nilimpelekea Enoki mwenyewe. Miwani yake imevunjika, akaniambia nimsomee. Nilipofika kwenye nane akanisimamisha, akaniambia nihesabu. Nikahesabu polepole, moja mpaka nane, yeye anatazama nje. Anyisile alikuwa anapepeta maharage, akaacha. Nilipomaliza Enoki akasema, "Kumbe ni fupi hivyo."

Kisha akaniomba nihesabu tena, nikahesabu.

Anasema uje. Mvua zikianza na mto ukijaa, uje ufunge hicho kiungo na uurudishe muda. Lakini siku ya kuwasha usikae ndani na kompyuta yako. Usimame kule chini penye kiungo, mahali aliposimama yeye. Ndani atakaa yeye. Nikamwambia nami nitasimama hapo na wewe. Akasema hilo alikuwa anangoja niliseme mwenyewe.

Anyisile alinisindikiza mpaka uani. Hajawahi tangu Januari.

Njoo na mabuti.

Mjomba wako,
Obed


Makambako,
Jumapili, 15 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nilifika salama, ingawa basi lilikwama kwenye tope tukashuka kulisukuma. Mama ameyafurahia maharage ya mama Brayson. Ameanza kusema nami, si sana, lakini jana aliniambia nywele zangu zimekuwa chafu, nikajua mambo yanaelekea kuwa mazuri.

Ya Jumamosi ile uliyaona, lakini tulisimama bega kwa bega tukitazama bomba, hatukutazamana. Kwa hiyo nakuandikia yaliyokuwa upande wangu.

Hesabu nilikuwa nimezirudia wiki nzima. Nilijua bomba halipasuki. Hata hivyo Enoki alipopaza sauti kule juu kwamba mashine ya kusaga iwashwe, na mota ya lango ikaanza, nilitamani kuzikimbilia zile ngazi. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya kiungo. Maji yaligonga chini ya kiganja changu mara moja, kwa nguvu, kisha yakagonga kidogo, kisha kidogo zaidi. Nilihesabu. Kidhibiti hakikufanya kitu. Hicho ndicho nilichokitengeneza kifanye, kisifanye kitu, na sijawahi kungoja muda mrefu namna ile. Enoki alisema nane ni fupi. Kule chini si fupi. Nilipofika nane kiganja kilikuwa hakisikii tena chochote, ndipo kidhibiti kikahama.

Nilidhani atatosheka na mara tano. Aliwasha na kuzima mara ishirini. Kwenye ya kumi na mbili hivi uliniambia nirudi nyuma yako nikakujibu vibaya. Nisamehe kwa jibu lile. Sikutaka niwe mtu wa pili uliyemwogopea mahali pale.

Nilitegemea kwamba tukipanda zile ngazi nitakuwa mwepesi. Sikuwa.

Haya yanayofuata hukuyaona, ulikuwa umekwenda na Efraimu zahanati kuwasha friji. Anyisile alileta chai. Kikombe cha Enoki alimpa mkononi. Cha kwangu alikiweka juu ya jiwe, akaenda zake. Nilikinywa chote.

Kisha Enoki akaniita ndani. Tangu Makambako nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, nikaanza kuyasema, akainua mkono nikanyamaza. Mezani kulikuwa na kopo la rangi nyeusi na brashi. Akasema, "Hiyo namba iandike ukutani, juu ya hicho kidude chako, kubwa. Pasitokee mtu mwingine akaipunguza." Nikapanda juu ya kiti nikaandika: MUDA WA KUNGOJA SEKUNDE NANE. USIPUNGUZWE. Akaniambia niandike na jina langu. Nikaandika jina langu lote, na la baba. Akaniambia na tarehe. Nikaanza kuandika saba Desemba.

Akasema, "Siyo hiyo."

Nikaifuta kwa kiganja nikaandika ishirini na saba Januari. Enoki akasogea na magongo yake mpaka chini ya ukuta, akayasoma yote kwa sauti kuanzia juu, jina langu pia, halafu akatoka, akaniacha na rangi ikikauka.

Mtoto wa dada yako,
Ida